Davis Cup ya Mtaani: Namna ya Kuandaa Pambano la Timu za Tenisi Hapa Dodoma

Davis Cup, mashindano ya tenisi ya timu za taifa za wanaume, ikifika hatua za mwisho mwezi wa kumi na moja, vijiwe vya tenisi Dodoma huwa na mada moja: kwa nini na sisi tusicheze kwa timu, mtaa na mtaa, badala ya kila mtu kubeba raketi yake na kwenda kucheza na rafiki yuleyule wa kila Jumamosi? Mada huisha kahawa ikiisha. Sisi tulishavuka hapo, tunacheza, na kila tukimaliza napokea simu za watu wa Nkuhungu, Ihumwa na hata Kondoa wakiuliza pa kuanzia. Nimeamua kujibu wote kwa pamoja.

Mimi nilijifunza tenisi kwa kuokotea wakubwa mipira. Siku hizi asubuhi nafundisha watoto, jioni nafunga nyuzi za raketi, na pambano likiwepo nakaa kiti cha nahodha asiyecheza. Kwa hiyo utaona nimeelemea upande wa nahodha. Mwamuzi angekuandikia mengine.

Timu mbili zinatosha

Usisubiri upate timu nane. Davis Cup yenyewe ilianza mwaka 1900 na timu mbili tu. Kijana wa Harvard aitwaye Dwight Davis alitoa pesa yake mfukoni akanunua bakuli kubwa la fedha, Waingereza wakaalikwa wavuke bahari hadi Boston, wakacheza kwenye nyasi za Longwood Cricket Club. Wamarekani, Davis mwenyewe akiwa kikosini, wakashinda 3-0. Ubelgiji na Ufaransa ziliingia 1904, na leo nchi zinazoshiriki zimepita mia. Wewe tafuta mtaa mmoja wa jirani wenye watu wanne wanaojua kurudisha mpira, basi. Utani wa jadi utakuja wenyewe.

Halafu chagueni mfumo kabla hamjachagua hata tarehe, maana kila kitu kingine kinautegemea. Iko miwili.

Wa zamani ni wa mechi tano kwa siku tatu. Ijumaa wanacheza mmoja mmoja, mechi mbili: namba moja wenu dhidi ya namba mbili wao, na namba mbili wenu dhidi ya namba moja wao. Jumamosi ni dabo, wawili kwa wawili. Jumapili mnageuza: moja kwa moja, mbili kwa mbili. Anayefikisha mechi tatu ndiye mshindi. Zamani kila mechi ilikuwa ya seti tano, tena zisizo na tai-breki (gemu fupi ya kuamua seti ikifika 6-6), ndiyo maana mwaka 1982 kule St. Louis John McEnroe na Mats Wilander walikaa uwanjani saa 6 na dakika 22. Hiyo usiilete Dodoma. Seti tatu zinatosha, na tai-breki ziwepo zote.

Mfumo mpya ulianza 2019 kwenye fainali: mechi tatu tu, siku moja. Wanaanza namba mbili kwa mbili, wanafuata namba moja kwa moja, dabo inamaliza. Italia wameuzoea vizuri, wamebeba kombe 2023, 2024 na 2025. Lakini kumbuka kwamba hatua za mchujo, zile za nyumbani na ugenini, bado ni za mechi tano, zimebanwa ndani ya siku mbili.

Kama mko mitaa miwili, chezeni tano. Kama mna timu nne na wikiendi moja, hamna ujanja, chezeni tatu tatu kwa mzunguko, kila timu ikutane na kila timu. Makundi ya chini ya Davis Cup hapa Afrika ndivyo yanavyofanya: timu zote zinakusanyika mji mmoja na kumalizana ndani ya wiki.

Mimi ni mtu wa mechi tano, na sababu yangu ni hii. Kwenye mechi tatu, mchezaji mmoja hodari akishinda yake ya peke yake, kisha akaingia dabo na mtu wa kumshikia nafasi, timu imeshashinda. Waliobaki wamekuja kunywa soda. Kwenye mechi tano naye anaweza kubeba timu, lakini lazima ashinde tatu. Andy Murray alifanya hivyo kwenye fainali ya 2015 dhidi ya Ubelgiji kule Ghent: siku ya kwanza peke yake, dabo na kaka yake Jamie, siku ya mwisho peke yake tena, Uingereza ikabeba kombe ambalo haikuwa imelishika tangu 1936. Ni kazi ya kusifiwa. Ila mtaani kwako ukiruhusu hayo, mwaka wa pili hutapata wachezaji.

Kwa hiyo tuna sheria moja ambayo haimo kwenye Davis Cup na ambayo nakushauri uichukue kama ilivyo: anayecheza mmoja mmoja haingii dabo. Wawili wa peke yao, wawili wa dabo, na akiba mmoja. Sheria hiyo peke yake imebadilisha kijiwe chetu. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mtumishi wa serikali aliyehamia huku na wizara yake, goti lake halimruhusu kukimbia korti nzima, lakini mkono wake wa voli, kupiga mpira kabla haujadunda, ni balaa. Zamani alikuwa mtazamaji. Sasa vijana wanamfuata ofisini kumwomba acheze nao dabo.

Orodha ya majina, na figisu zake

Hapa ndipo mapambano mengi ya mtaani yanapoharibika, kabla hata mpira haujapigwa.

Kwenye Davis Cup, nani namba moja na nani namba mbili huamuliwa na viwango vya dunia. Sisi hatuna viwango. Nahodha mjanja atamwandika mchezaji wake dhaifu kuwa namba moja, amtoe kafara kwa namba moja wenu, halafu mkali wake amle namba mbili wenu. Ni figisu ya kizamani na kila mtu anadhani ameigundua yeye.

Dawa yake ni ngazi. Mwezi mzima kabla ya pambano, kila mtaa ubandike orodha ya wachezaji wake kwa mpangilio, kwenye kundi la WhatsApp ambalo timu zote mbili zimo. Wa chini anaruhusiwa kumwita wa juu yake; akimshinda, wanabadilishana nafasi, na matokeo yanaandikwa hapohapo. Orodha inafungwa wiki moja kabla. Baada ya hapo nahodha anachagua wachezaji watano anaowataka, lakini hawezi kuwapindua: aliye juu kwenye ngazi ndiye namba moja. Anayetaka kudanganya itabidi apoteze mechi za ngazi mbele ya mtaa wake mwezi mzima, na sijaona mwanaume wa Dodoma mwenye uvumilivu huo.

Droo fanyeni jioni ya kuamkia pambano, mbele ya watu. Kinachopigiwa droo ni kitu kimoja tu: mechi ipi kati ya zile mbili za kwanza itaanza. Karatasi mbili kwenye bakuli, mtoto anachota moja. Inaonekana jambo dogo, lakini anayeanza anacheza kwenye baridi ya asubuhi na anayefuata anakutana na jua, kwa hiyo msiliache lipangwe kwa mdomo.

Majina ya dabo yanaweza kubadilishwa hadi saa moja kabla ya kuanza. Hii ni ya Davis Cup na ni nzuri, ichukueni. Inampa nahodha kazi ya kufikiri, na inampa mpinzani wasiwasi.

Uwanja: nani anachagua, na wavu unapimwaje

Mwenyeji ndiye anayechagua uwanja. Huu ndio utamu wa nyumbani na ugenini: Wahispania wakiwa kwao hupenda udongo mwekundu, mwenye sevu (mpira wa kuanzisha) kali hutafuta uwanja wa kasi. Lakini tahadhari. Mwaka 2008 Argentina waliipeleka fainali Mar del Plata, uwanja wa ndani, mgumu, wa kasi, wakimkwepa Rafael Nadal na udongo wake. Nadal akaumia goti, hakuja kabisa, na Hispania wakashinda 3-1 kwenye uwanja uleule uliochaguliwa dhidi yao. Chagua uwanja unaowafaa wachezaji wako, usichague wa kumkomoa mtu mmoja.

Kwetu uchaguzi ni mwembamba: saruji au udongo. Saruji haina kazi nyingi, fagia vumbi asubuhi na kabla ya kila mechi, maana vumbi juu ya saruji linateleza kuliko tope. Udongo una kazi. Ule wetu tuliuziba mashimo kwa udongo wa kichuguu, unatwangwa, unachekechwa, unamwagiwa maji jioni na kuviringishwa rola, asubuhi uko imara. Mistari ni chokaa iliyokorogwa na maji. Ukimwaga chokaa kavu, upepo wa Dodoma utaihamishia Singida. Faida ya udongo ni kwamba mpira unaacha alama, na ugomvi wa ndani au nje unamalizwa kwa kuinama na kuangalia.

Vipimo havijadiliwi: urefu mita 23.77, upana mita 8.23 kwa mmoja mmoja na 10.97 kwa dabo, mstari wa sevu mita 6.40 kutoka kwenye wavu. Nunua futi ndefu ya fundi ujenzi, usipime kwa hatua.

Wavu ndio unaosahaulika. Katikati unatakiwa uwe sentimita 91.4, na kwenye nguzo mita 1.07. Kama huna futi karibu, simamisha raketi moja wima, kichwa juu, mpini umegusa ardhi, halafu juu yake laza nyingine kwa upana wa kichwa chake. Raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68 na nusu hivi, na upana wa kichwa unamalizia kilichobaki. Ukingo wa juu wa ile ya pili ukilingana na utepe mweupe wa wavu, uko sawa. Vuta mkanda wa katikati au ulegeze, rudia. Fanya hivyo kabla ya kila mechi, kwa sababu wavu wa mchana wa jua hulegea.

Sasa, nguzo zetu nyingi zimewekwa kwa ajili ya dabo. Ukicheza mmoja mmoja bila kuongeza kitu, wavu kwenye mistari ya pembeni unakuwa chini kuliko inavyotakiwa, na anayepiga mipira ya kupita pembeni anapewa zawadi. Muone seremala akukatie vijiti viwili vya mita 1.07, vyenye mfereji mdogo juu wa kushika kamba ya wavu. Visimamishe sentimita 91.4 nje ya mstari wa mmoja mmoja, kila upande kimoja. Dabo ikianza, viondoe. Nimeona mechi inasimama kwa sababu ya vijiti hivyo, mgeni amegoma kusevu mpaka viletwe, na alikuwa na haki.

Mipira: kopo jipya kila mechi. Kwa pambano la mechi tano hayo ni makopo matano, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote, msiikwepe. Mipira ya zamani ni ya kupasha tu. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi kidogo ya mita 1,100. Mipira maalumu ya nyanda za juu imewekwa kwa ajili ya kuanzia mita 1,219, kwa hiyo ya kawaida inatufaa. Lakini mtu wa Dar akija atakwambia mpira unaruka sana na unamtoka nje, na hasingizii, hewa ni nyepesi kuliko pwani. Nikimfungia nyuzi mgeni wa namna hiyo naongeza kilo moja ya mvuto. Anapoteza nguvu kidogo, anapata mpira unaokaa ndani.

Jua, upepo na ibada

Mwezi bora ni wa tano na wa sita: mvua zimeisha, jua halijawa kali. Wa saba na wa nane una upepo wa vumbi ambao unakula sevu za watu. Unaweza kucheza, lakini uwe asubuhi. Kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi na moja hadi wa nne usipange kitu kwenye udongo, mvua moja inakuondolea siku mbili.

Ratiba yetu, baada ya kuvutana na wake zetu na wachungaji, ni hii. Ijumaa jioni droo. Jumamosi saa moja kamili asubuhi mechi ya kwanza, ikifuatiwa na ya pili; zikiwa za seti tatu, saa tano na nusu mmemaliza au mko mwishoni. Halafu watu wale, walale, jua lipite. Dabo saa kumi jioni. Jumapili asubuhi ni ibada, usishindane nayo. Mechi mbili za kugeuza zinaanza saa nane na nusu mchana. Kama mna korti mbili za kuzicheza kwa pamoja, mnaweza kukaa hadi saa kumi; kama ni moja, basi jua la saa nane mlivumilie, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu giza limeingia na mechi ya tano ndiyo ambayo watu wote wamekuja kuiona.

Hapo kwenye kuchelewa weka sheria ngumu. Robo saa ikipita, ni ushindi wa mezani. Davis Cup ina ushindi wa mezani ulioingia kwenye historia: 1974 India walikataa kwenda kucheza fainali na Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na kombe likaenda Afrika Kusini bila mpira kupigwa. Ule ulikuwa msimamo. Kwetu ushindi wa mezani ni bodaboda iliyoishiwa mafuta Chang'ombe, na hauna heshima yoyote, lakini lazima uandikwe.

Ukiwa kwenye kiti cha nahodha

Tenisi ni mchezo ambao kwa miaka mingi mchezaji alikatazwa kuambiwa neno lolote akiwa uwanjani. Kwenye Davis Cup ndiko nahodha alikaa kitini, pembeni ya wavu, anaongea na mchezaji wake wakati wa kubadilishana upande. Muige huyo. Ukitazama fainali kwenye simu yako, usiangalie mpira tu, mwangalie nahodha. Fainali siku hizi huchezwa Bologna, Italia, na mwezi wa kumi na moja Italia wako nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo mechi ya saa kumi jioni ya huko ni saa kumi na mbili jioni hapa, muda mzuri kabisa.

Mna sekunde 90 kila jumla ya gemu za seti ikiwa witiri, isipokuwa baada ya gemu ya kwanza ya seti, pale wanapita tu bila kukaa. Seti ikiisha ni dakika mbili. Sekunde 90 ni chache kuliko unavyodhani. Ishirini za kwanza ni za maji na taulo, usiseme kitu, pumzi yake haijarudi na hatakusikia. Kisha uliza, usihutubie: "Anakuumiza kwa kitu gani?" Mara nyingi mchezaji analijua jibu, hajalisema tu. Halafu mpe jambo moja. Moja. Ukimpa matatu atarudi uwanjani anayahesabu.

Upande wa upepo ndio jambo langu la kwanza siku zote, kwa sababu Dodoma upepo ni mchezaji wa tano kwenye dabo. Ukiwa nao mgongoni, punguza lobu (mipira ya juu ya kumpita mpinzani kichwani), zungusha mpira zaidi ili ushuke, panda mbele. Ukiwa nao usoni, piga kwa nguvu zako zote, hautoki. Na huo ndio wakati wa mpira mfupi wa kudondosha, maana upepo unausimamisha hewani na mpinzani hafiki. Kuna kijana wetu, dereva bajaji, mkono mzuri sana, ambaye alikuwa akipiga lobu upepo ukiwa nyuma yake na kushangaa kila moja ikitoka nje. Nilimwambia neno moja tu: "Ukiuona ule mwembe unainamia kwao, lobu haipo." Gemu tatu zilizofuata alikuwa anauangalia mwembe kabla ya kila sevu. Watazamaji walidhani anaomba dua.

Usimseme mchezaji wako mbele ya watu. Usimlaumu mwamuzi, hiyo kazi waachie mashabiki. Na mchezaji akiwa amekufa moyo, usimwambie habari ya timu, anaijua, inamlemea tayari. Mwambie habari ya pointi inayofuata na sevu aielekeze wapi.

Dabo inahitaji maneno yake. Usiwapange wawili kwa sababu ni marafiki. Mpange anayerudisha sevu chini miguuni pamoja na anayeweza kuuvamia mpira kwenye wavu, na uwakutanishe mazoezini wiki kadhaa kabla, wazoee kuitana "wangu" na "wako" kwa sauti. Mnaweza kujikuta kwenye mechi ndefu: Tomáš Berdych na Lukáš Rosol walicheza saa 7 na dakika 2 dhidi ya Waswisi kule Geneva mwaka 2013, seti ya tano ikaisha 24-22. Kwa hiyo pia: maji ya kutosha, chumvi kidogo, ndizi.

Mwamuzi na kelele

Mwamuzi awe wa mtaa wa tatu, asiye na mjomba kwenye timu yoyote, vinginevyo kila mpira utaitwa mbeleko. Mpe mahali pa juu pa kukaa. Ngazi ya fundi rangi ikifungwa ubao inafaa kabisa. Akitamka, imetamkwa. Kwenye udongo anaweza kushuka na kuangalia alama, kwenye saruji hakuna kurudi nyuma.

Kelele ziruhusu. Davis Cup ni mashindano ya ngoma na tarumbeta, watu hawakai kimya kama wako benki. Sisi tulileta kinamama wa muheme, ngoma ya Wagogo, siku ya pili, na pale mpira wa mwisho ulipotua nadhani walisikika Mlima Simba. Sheria ni rahisi: ngoma kati ya pointi na pointi, mwamuzi akisema "tulieni tafadhali" ngoma inanyamaza, na hakuna kushangilia mpinzani akikosa sevu ya kwanza. Shabiki anayekiuka anaonywa kupitia nahodha wake; akirudia, timu yake inapoteza pointi. Utaona mashabiki wenyewe wanavyonyamazishana.

Kuhusu kinamama, wachezaji wa kike kijiweni wamenidai waandaliwe lao. Wana haki, na hawaombi kitu kigeni: mashindano ya timu za taifa za wanawake yalianza 1963 na sasa yanaitwa Billie Jean King Cup. Kila nilichoandika hapa kinawahusu vilevile.

Vibali na pesa, kwa haraka

Mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema, na ofisa michezo wa jiji mpelekee barua ya ukurasa mmoja: tarehe, uwanja, idadi ya watu, jina la anayewajibika. Kama mtafunga spika, sema kwenye barua hiyohiyo. Huduma ya kwanza muwe nayo, angalau barafu, bandeji na mtu mwenye gari.

Pesa ichangwe nusu kwa nusu isipokuwa chakula, ambacho ni cha mwenyeji, na hapo msilete ubahili. Ugali, mlenda na nyama ya mbuzi kwa wageni baada ya dabo. Hata waliofungwa wataondoka wanawasifu. Hesabu iandikwe na mtu mmoja na isomwe kwenye kundi Jumatatu, risiti zikiwa zimepigwa picha.

Kombe msinunue lile la plastiki la dukani. La Davis ni bakuli, na majina yalipojaa waliliongezea kitako chini ili mengine yapate pa kukaa. Letu ni bakuli la aluminiamu kutoka soko la Majengo, limekalishwa juu ya kipande cha mninga, na majina yanachomwa kwenye mti kwa msumari wa moto: timu yote watano, hata yule akiba ambaye hakuingia, pamoja na nahodha.

Mkishafika 3-0

Mechi zilizobaki chezeni, msizifute. Watu wametoka Kisasa kwa nauli zao. Zifupisheni: seti mbili, na zikiwa sare tai-breki ya pointi 10, na hapo ndipo akiba wako anaingia. Wachezaji wetu wawili wa sasa wa kikosi cha kwanza niliwaona mara ya kwanza kwenye mechi za namna hiyo, zisizokuwa na uzito wowote kwa yeyote isipokuwa wao.

Kabla watu hawajatawanyika Jumapili, andikeni mwenyeji wa mwaka ujao. Kanuni ni kupokezana: safari hii kwenu, safari ijayo kwetu. Kama timu mbili hazijawahi kukutana, rusheni shilingi. Na mkipata mwaliko wa nje ya mkoa, ukubalini. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, timu ya Morogoro inaweza kuja asubuhi, ikacheza, ikapanda ya jioni. Nahodha wa ugenini atume orodha yake ya ngazi wiki moja kabla, kama wengine wote, na aulize mapema kama uwanja ni saruji au udongo ili wachezaji wabebe viatu sahihi.